Mwacha Asili: Tafakuri juu ya Walinzi wa Ngozi

Mwacha asili ni mtumwa, husema wazee wetu, na methali hii imekaa vinywani mwa watu wa pwani muda mrefu hata hakuna tena anayeidai ushahidi. Mzazi huitumia kumkanya kijana aliyeghurika na mambo ya kigeni. Malenga huitumia kumsuta mwenzake aliyezipa kisogo bahari za ushairi wa jadi. Lakini hebu iwekwe mbele ya mtu aliyechukuliwa mwambao wa Ziwa Nyasa katikati ya karne ya 19, akatembezwa kwa miguu hadi Kilwa Kivinje, akapakiwa chomboni na kushushwa Unguja. Huyo hakuacha asili akawa mtumwa. Alifanywa mtumwa kwanza, na asili ikabaki njiani. Isitoshe, alipofika alipewa asili nyingine ya jumla: aliitwa Mnyasa, awe alizaliwa Mmanda, Mmpoto au Mmatengo. Na kwa kuwa katika lugha za huko neno nyasa maana yake ni ziwa, kumwita mtu Mnyasa ni kusema tu kwamba ametoka kwenye maji makubwa. Ni sawa na kumwuliza mtu wa Makunduchi kwao ni wapi, kisha ukaandika daftarini: baharini.

Swali linalonishughulisha ni hili: je, alikotoka kiumbe ndiko kunakomfanya awe yeye? Wanafalsafa wamelijadili kwa njia zao, na washairi kwa zao. Mimi nataka kulipeleka mahali ambapo aghalabu halipelekwi, yaani kwenye ngozi. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ngozi ndiyo hati ambayo wapita njia huisoma wanapotaka kujua asili ya mtu, nao huisoma bila kuombwa. Ya pili ni kwamba ndani ya ngozi hiyo wanakaa walinzi ambao asili yao iliwatatiza wataalamu kwa muda wa karibu miaka 150, na jibu lililopatikana ni la ajabu kuliko dhana zote zilizolitangulia.

Kisa kinaanzia Berlin mwaka 1868. Mwanafunzi wa udaktari aitwaye Paul Langerhans, aliyezaliwa mwaka 1847, alichukua kipande cha ngozi ya binadamu, akakitia rangi ya kloridi ya dhahabu, akakitazama kwa hadubini. Katika tabaka la juu kabisa aliona seli nyeusi zenye matawi, zimesimama mbalimbali kati ya seli nyingine, kila moja imetandaza mikono yake kama mkoko uliotandaza mizizi topeni. Kwa kuwa zilifanana na mishipa ya fahamu, alizihesabu kuwa za ukoo huo. Hapo tunaona kosa la kwanza: sura ilichukuliwa kuwa ushahidi wa nasaba. Mwaka uliofuata kijana huyohuyo alieleza vifungu vya seli ndani ya kongosho, ambavyo baada yake vimekuja kuitwa visiwa vya Langerhans, navyo ndivyo vitoavyo insulini. Maradhi ya kifua kikuu yakamwandama, akahamia kisiwa cha Madeira kutafuta hewa njema, na huko akafariki mwaka 1888 kabla hajatimiza miaka 41. Sisi watu wa visiwani tunayo haki ya kutua hapa kidogo. Mtu aliyeacha jina lake juu ya visiwa vilivyomo ndani ya kila tumbo alizikwa kisiwani, naye hakujua visiwa vyake vinafanya kazi gani, wala seli zake za ngozini zinamlinda nani.

Baada yake watu walibuni nasaba nyingine. Seli hizi zilikuwa jirani wa seli za rangi, zile zinazoipa ngozi weusi wake, basi wakasema ni ndugu, labda ni seli za rangi zilizozeeka na kuchoka. Mwaka 1961 Michael Birbeck na wenzake, nchini Uingereza, waliitazama kwa hadubini ya elektroni ngozi ya wagonjwa wa barasi. Mahali palipokuwa na baka jeupe, seli za rangi zilikuwa zimetoweka, lakini za Langerhans zingalipo, nazo zilibeba ndani yake vijiti vidogo vyenye kichwa cha mviringo, mfano wa upawa, alama ambayo seli za rangi hazina. Udugu wa ujirani ukaanza kutiliwa shaka.

Kisha mwaka 1973 Ralph Steinman na Zanvil Cohn, mjini New York, walieleza aina ya seli zenye matawi katika wengu wa panya. Kazi yake ilipofahamika, seli za Langerhans ziliingizwa katika ukoo huo mpya wa wajumbe. Mjumbe huyu humeza kipande cha adui aliyepenya ngozini, husafiri nacho hadi kwenye tezi za limfu, na huko hukionyesha kwa askari waitwao seli T. Kila mtoto wetu aliyechomwa sindano ya kifua kikuu mkononi, ikamwachia kovu, amewahi kutumia wajumbe wa namna hiyo. Na neno letu chanjo lenyewe, litokalo katika kuchanja, lilikwisha kukiri kwamba mwili hufundishwa kwa kupitia ngozi. (Steinman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, lakini alikuwa amefariki siku tatu kabla ya kutangazwa. Asili ya elimu nayo ina watu wake wasioonana na matunda.) Mwaka 1979 majaribio ya panya yalionyesha kwamba seli za Langerhans zaweza kutoka katika uboho wa mifupa, kama seli nyingi za damu. Vitabu vikaandika hivyo, na ikaonekana kesi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mwaka 2002 Miriam Merad na wenzake waliwapa panya uboho mpya, wakangoja. Seli za damu zilibadilika zote, zikawa za uboho wa mgeni. Za Langerhans hazikubadilika. Maadamu ngozi ilikuwa salama, zilijizaa zenyewe papo hapo, kizazi baada ya kizazi, bila kuomba msaada wa mifupa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2012, ikabainika kwamba chimbuko lao ni la kale kuliko uboho: wazazi wao hutoka katika kifuko cha kiini kinachoambatana na mimba changa, na wengi zaidi hutoka katika ini la kijusi, wakaingia ngozini kabla mtoto hajazaliwa. Kwa nasaba, basi, hawa ni jamaa wa makrofaji, wale walaji wakaazi ambao kila kiungo kina wake na ambao kazi yao ni kusafisha na kutengeneza. Kwa kazi, wao ni wajumbe wasafiri. Hadi leo wako wataalamu wanaowaita makrofaji kwa kuangalia walikotoka, na wako wanaowaita seli za matawi kwa kuangalia wanachofanya. Ni mjadala uleule wa barazani kwetu, ila wenzetu wameuvalisha joho jeupe.

Kwa binadamu ushahidi ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 2000, mtu aliyekuwa amepoteza mikono yote miwili alipandikizwa mikono ya marehemu. Miaka kumi ilipopita, madaktari walichunguza ngozi ya mikono ile. Damu iliyopita ndani yake ilikuwa ya mpokeaji. Seli za Langerhans zilikuwa bado za marehemu. Yule aliyekufa alikuwa angali anailinda mikono hiyo, kwa niaba ya mtu asiyemjua.

Mtu anayependa usafi wa asili atafurahi hapa na kusema: naam, mwenyeji wa kweli habadiliki. Asifurahi upesi. Wagonjwa waliopandikizwa uboho, na hasa wale ambao ngozi yao iliunguzwa na vita vya ndani baada ya upandikizaji huo, hukutwa na seli za Langerhans za yule aliyewapa uboho. Wenyeji wa kale wakiangamia, wageni huja kutoka katika damu, hutua katika tabaka lile la juu, na baada ya muda huota matawi, hubeba vijiti vya mfano wa upawa na kushika zamu. Mtazamaji wa hadubini hawezi kumtenga aliyeingia kabla ya kuzaliwa na aliyeingia kwa kuziba pengo, mpaka apekue jeni zao. Na kinachowalea wote wawili ni kimoja. Seli zinazojenga ngozi hutoa kemikali iitwayo interleukini-34, ambayo walinzi hawa huitegemea ili waishi hapo. Ngozi haina daftari la nasaba. Hulea anayekaa na kuitika.

Nimesema ngozi husomwa ili kujua asili ya mtu, na kinachosomwa zaidi ni rangi. Lakini rangi yenyewe ni kazi ya wahamiaji. Seli za rangi hazizaliwi ngozini; mwanzoni mwa mimba hutoka kwenye mshipi wa seli ulio kando ya uti wa mgongo unaojengwa, zikasafiri hadi ngozini na kupiga kambi huko. Askari T nao, ambao kwa makadirio ni kiasi cha bilioni 20 katika ngozi ya mtu mzima, karibu mara mbili ya walio katika damu yake, wamekuja mmoja mmoja kutokana na mapambano ya maisha. Basi anayemwambia mwenziwe kwamba rangi yake yaonyesha si wa hapa, hutoa hoja yake kwa kumwelekeza mgeni aliyehamia katika ngozi ya mgeni mwingine. Na barasi, lile baka jeupe alilolitazama Birbeck, husababishwa na askari T wa mwili wenyewe, ambao wamewageuka wapaka rangi na kuwaua kana kwamba ni adui. Hawakutumwa na yeyote kutoka nje.

Sasa turejee ziwani, kwani huko ndiko kulikoanzia mashaka yangu. Mbaha ipo mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, mahali pa mihogo na usipa. Mtu aliyezaliwa hapo mwaka 1980 alizaliwa wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012, wilaya mpya ilipokatwa, ndugu zake wanazaliwa wilaya ya Nyasa. Kijiji hakikusogea hata hatua moja. Ziwa analoliita Nyasa, watu wa upande wa pili huliita Malawi, na serikali mbili zimebishana kwa miongo mingi mpaka upite ufukweni au katikati ya maji. Huko nyuma, milimani na nyandani, kuna Wangoni, ambao jina lao laanzia mbali zaidi. Kundi la Zwangendaba liliondoka kusini mwa Afrika, likavuka mto Zambezi mwaka 1835, na wazao wa misafara ile wakafika Ruvuma baada ya miongo kadhaa. Lakini njiani walipoteza watu na kuchukua watu. Kila nchi waliyoipita iliwaachia wake, vijana na watoto, wengine kwa nguvu, wengine kwa kutaka hifadhi. Kufikia vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, wengi wa walioitwa Wangoni hawakuwa na babu aliyeiona Natal. Na Kingoni kinachosemwa Songea kiko karibu zaidi na lugha za majirani wa Ruvuma kuliko Kizulu. Jina ndilo lililosafiri safari nzima. Waliolibeba walikuwa wakibadilishana.

Ngozi ina mfano wa jambo hilo, nami nilipousoma uliniduwaza. Chale zilizotiwa masizi, au tojo la wino, hudumu maisha yote ya mtu, na ilidhaniwa kwamba ni kwa sababu seli zilizoumeza wino zinadumu vivyo hivyo. Mwaka 2018 watafiti nchini Ufaransa walionyesha kwa panya kwamba sivyo. Makrofaji aliyeshika wino hufa; wino humwagika pale pale; makrofaji mwingine, aliyeingia baadaye, huudaka na kuushika kwa zamu yake. Alama inabaki hai kwa kupokezana mikono. Ukitazama kwa nje utasema hakuna kilichobadilika. Nadhani makabila mengi, pamoja na yale yanayojivunia uzawa, yameandikwa kwa wino wa namna hiyo.

Hapa lazima nijibu pingamizi, tena ni zito. Mwambao wa Ziwa Nyasa unajulikana kwa kichocho, kama vinavyojulikana vijito na mabwawa ya Unguja na Pemba. Lava wa kichocho hutoka kwa konokono, humkuta mtoto anayeogelea au mama anayeosha vyombo, na kwa dakika chache tu hupenya ngozi, akiutupa mkia wake mlangoni. Akishakomaa ndani ya mishipa ya damu hujivika kemikali za mwenyeji wake, hata askari wa kinga wakimpapasa huona ni mtu wa nyumbani. Huishi hivyo kwa miaka, akinywa damu. Basi, atasema mpinzani, unaona? Kuvaa vazi la wenyeji si kuwa mwenyeji. Bila kuuliza asili utajuaje nani mjumbe na nani mnyonyaji?

Jibu la haraka ni kutazama kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyetoka katika damu akashika zamu ya ulinzi ni wa nyumbani. Aliyetoka majini akanywa damu si wa nyumbani, hata avae nini. Kwa seli jibu hili latosha, na kwa muda nilitaka liishie hapo. Lakini likihamishiwa kwa watu laingia doa. Yule aliyeshushwa Unguja akaitwa Mnyasa alipewa jembe siku ya kwanza, si ya tatu. Alipanda na kupalilia mikarafuu ambayo utajiri wake ulijenga nyumba zilizo kwenye kadi za posta. Ikiwa kazi ndiyo inayompa mtu unyumba, hapakuwa na mwenyeji kuliko yeye. Naye ndiye aliyehesabiwa mwisho. Tena ni ukatili kumpimia mtu utu wake kwa faida anayoleta, maana mgonjwa, mzee na mtoto mchanga watakuwa wageni milele. Seli haidhulumiki. Unaweza kuitumia na kuibadilisha, nayo haina kilio. Mtu anacho.

Kwa hiyo sidai kwamba ngozi yatupa sheria ya kuishi. Nadai dogo zaidi. Wale wanaosema kwamba maumbile yenyewe yamewapambanua watu kwa chimbuko, na kwamba damu haidanganyi, wasiuite mwili kuwa shahidi wao. Ukiitwa, utasema kinyume. Tena utasema jambo moja zaidi. Kazi ya mlinzi wa ngozi ni kuuliza kila dakika, huyu ni wetu au si wetu; na siku za amani, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuwatuliza askari, kuwafundisha wasivamie kisicho na madhara. Swali ni lilelile. Tofauti iko katika linachotafuta.

Na sisi tumelitumia kutafuta nini? Visiwani mwetu, kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya waliojitaja kuwa Waswahili ilianguka sana, na ya waliojitaja Washirazi, Wahadimu au Watumbatu ikapanda. Meli haikuleta watu hao, wala maradhi hayakuwaua wale wa kwanza. Walikuwa walewale, wakijibu swali lilelile kwa jibu jingine, kwa kuwa jina la kwanza lilikuwa limeanza kunuka utumwa na la pili lilinuka ardhi na heshima. Wengi wao, hapana shaka, walikuwa wazao wa ziwani. Methali yetu ingewaita watumwa kwa kuiacha asili, ilhali waliiacha ili wasiitwe watumwa.

Sioni haki ya kuwalaumu. Naona hasara tu. Seli ya marehemu wa Lyon iliweza kukaa katika mkono wa mtu mwingine bila kujificha, na ingeulizwa jeni zake ingesema ukweli bila kuogopa. Bibi aliyesimama mbele ya karani hakuwa na amani hiyo. Alipoficha jina la kijiji chake alijikinga yeye na wanawe, na kinga hiyo ilifanya kazi barabara, hata leo kitukuu chake hajui kama ni Mbaha, ni Lituhi au ni kwingineko. Hajui wimbo uliomlaza bibi huyo, wala jina alilopewa kabla ya lile la Kilwa.

Akiamua kwenda, safari si ngumu tena. Ni meli hadi Dar es Salaam, basi hadi Songea, jingine hadi Mbinga, kisha kuteremka milima mpaka maji yaonekane. Ufukweni ataulizwa ametoka wapi, kama anavyoulizwa kila mgeni. Atajibu, Unguja. Litakuwa jibu la kweli, na huenda likatosha kwa mtu kumsogezea kigoda na kuomba usipa uongezwe sufuriani.